Kidawa na Maziwa Machungu ya Majimoto

Sogeeni karibu. Na wewe uliyeanza kusinzia, sinzia tu, hadithi hii humwingia vizuri mtu aliye nusu usingizini. Ila msinikatize. Nikikatizwa nasahau, nikisahau nakasirika, na nikikasirika mtakwenda kulala bila kujua nani alipona.

Hapo zamani, zamani ya mbali kabisa, wakati ukungu ulikuwa bado haujaamua kama ni wingu au ni mvua, palikuwa na msitu mlimani, na ndani ya msitu huo palikuwa na mkuyu mmoja mnene. Juu ya tawi moja la mkuyu huo, mahali ambapo jua lilikuwa likifika limeshachoka, ziliota okidi. Okidi hazihangaiki na udongo. Hushika gome la mti kwa mizizi yao, hunywa ukungu, na hukaa hapo kimya jii miaka na miaka. Mtu akipita chini hudhani juu hakuna kitu. Kumbe juu kulikuwa na mji mzima.

Katika mji huo aliishi Kidawa. Kidawa alikuwa buibui, lakini si wale wanaotandaza utando na kungoja riziki iwafuate. Yeye alikuwa buibui mrukaji, mdogo kama punje ya mtama, na haraka zake zilikuwa hazina mfano. Ukimwambia habari za asubuhi, jibu unalisikia linatoka jani la tatu. Hata usingizini miguu ilikuwa ikimchezacheza.

Mwaka ule Kidawa alikuwa na mayai. Alikuwa amefuma mkoba wa hariri na kuubandika chini ya jani la okidi ya mwisho wa tawi, ile iliyokuwa na matumba matatu ya maua, yote bado yamefumba. Mkobani mlikuwa na mayai thelathini na moja. Aliyahesabu asubuhi akiamka na jioni kabla ya kulala, ingawa hakuna lililotoka wala lililoingia. Ndivyo walivyo wazazi.

Sasa sikilizeni hili vizuri. Mkoba wa buibui ukishabandikwa haung'olewi. Ukiung'oa, hariri inachanika, upepo unaingia, mayai yanakauka. Kwa hiyo uhai wa watoto wale ulikuwa ni uhai wa jani lile. Jani likikaa, nao wanakaa. Jani likianguka, wanaanguka nalo mpaka chini kabisa, kwenye njia ya siafu, na huko hakuna wa kuwahurumia.

Na jani lilikuwa limeanza kugeuka rangi ya manjano.

Sababu Kidawa aliijua, na kila mtu pale tawini aliijua. Ni majimoto. Mnawajua majimoto, wale chungu wekundu wanaoshona majani yakawa nyumba, ambao akikung'ata mmoja unacheza bila ngoma. Kwetu sisi ni wadudu tu, lakini kwa Kidawa majimoto mmoja alikuwa kama fahali, na mafahali wenyewe walikuwa maelfu. Tawi zima lilikuwa chini yao. Walikuwa na walinzi kwenye shina, walinzi kwenye maungio ya matawi, walinzi mpaka kwenye ncha, wamesimama mchana kutwa wameinua vichwa. Kidawa alikuwa akiwacheka. Aliona wanajionyesha tu.

Majimoto hao walikuwa wafugaji. Mifugo yao ilikuwa vidung'ata, wadudu wadogo weupe pepe, wenye manyoya kama pamba iliyonyunyiziwa unga. Kidung'ata huchoma mdomo wake kwenye jani la okidi akaanza kunyonya, na akishaanza hana habari na mtu. Majimoto huja nyuma yake, humpapasa mgongoni taratibu kwa papasi zake mbili, zile pembe nyembamba za kichwani, na kidung'ata hutoa tone la maji matamu. Majimoto huyaita maziwa. Mifugo ilizidi kuongezeka, maziwa yakazidi kuwa mengi, na okidi ikazidi kunyauka.

Kidawa akaona aende kuzungumza kistaarabu. Alikwenda kwa jemadari wa majimoto, aliyeitwa Sikudhani. Msishangae jemadari kuwa mwanamke. Kwa majimoto kila anayefanya kazi ni mwanamke, na hao wanaume wao sijui wanashinda wakifanya nini.

"Shikamoo, Jemadari."

"Marahaba. Ukizungumza nami simama mahali pamoja, usinirukieruke."

Kidawa akajikaza kusimama. Akaeleza habari ya jani, ya mkoba, ya mayai thelathini na moja. Akaomba mifugo iondolewe kwenye okidi ile moja tu, siku kumi tu, watoto watoke, halafu wairudishe wakitaka. Jemadari alimsikiliza mpaka mwisho, hakumkata neno. Halafu akasema:

"Binti, okidi ni malisho. Malisho huliwa. Yakiisha, tunahama."

"Na wanangu?"

"Wanao hakuna aliyewaambia wazaliwe kwenye malisho ya watu."

Jemadari alitaka kuongeza neno juu ya walinzi wake, kwamba wanasimama pale kwa sababu. Lakini Kidawa alikuwa ameshaondoka, na maneno yakabaki yanaelea kwenye ukungu bila mwenyewe.

Kidawa alikwenda kujikunyata kwenye kunjo la mzizi, akalia kidogo, maana buibui naye hulia. Alipomaliza kulia akaanza kutazama. Siku tatu alikaa akiwatazama majimoto wakikamua, na siku ya tatu akaiona desturi yao.

Desturi yenyewe ilikuwa hivi. Mkamuaji akipata tone halimezi lote. Hulibeba mdomoni, humpelekea mchukuzi, wakaunganisha midomo, akampa. Mchukuzi naye hulipeleka kwenye nyumba ya majani, akampa mlezi wa watoto mdomo kwa mdomo. Kilichoingia mdomo wa mmoja ni cha wote, ndivyo wanavyoishi. Na kulikuwa na amri nyingine, aliyowasikia walezi wakiwasimulia watoto, ya tangu enzi za mabibi zao. Zamani malisho yalipata kuharibika, wakabishana kama maziwa ni machungu au si machungu, wakabishana mpaka watoto wengi wakafa kwa kuyanywa. Tangu siku hiyo wakaweka sheria: midomo mitatu ikisema kitu ni kichungu, hakuna baraza, hakuna wa nne wa kuonja. Ni kubeba mifugo na kuhama siku hiyo hiyo.

Kidawa akakaa akiigeuzageuza sheria hiyo kichwani. Midomo mitatu. Mkamuaji, mchukuzi, mlezi. Halafu taratibu akaanza kucheka, kicheko chembamba kilichofanya jani litikisike. Alikuwa ameona kwamba midomo ile mitatu inaonja tone lile lile moja.

Hakulala kwenye mzizi tena. Alishuka kwa uzi wake mpaka kwenye mwamba uliokuwa chini ya mkuyu, ambako paliota mshubiri. Mnajua shubiri ilivyo chungu, mama zenu wamewahi kuwapaka kwenye vidole mlipokataa kuacha kunyonya. Akafuma kifuko cha hariri kidogo kuliko chozi, akakijaza utomvu wa mshubiri, akakifunga nyuma ya mwili wake. Kisha akapanda, akaenda kwenye zizi la zamani la vidung'ata, mahali walipoacha manyoya yao yaliyopukutika, akayaokota moja moja akajivika mpaka akawa mweupe pepepe. Manyoya yale yalinuka harufu ya majimoto, maana wao ndio wanaoyashikashika kutwa. Majimoto hawatazami sura. Kwao ukinuka nyumbani, wewe ni wa nyumbani.

Kulipopambazuka ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba tawi lilionekana limeanzia hewani na kuishia hewani. Matone yalikuwa yakianguka to, to, to, kila moja kwa wakati wake. Kidawa akatembea kuelekea kwa mlinzi, akijilazimisha kwenda polepole, na niamini, hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote alizowahi kuzifanya. Mlinzi akamgusa kwa papasi. Kidawa akafumba macho yake yote manane.

Mlinzi akanung'unika tu kwamba wanyama wa siku hizi wanatangatanga, wachungaji wao wako wapi. Akamnyanyua kwa taya, akambeba kumrudisha zizini. Basi Kidawa akapita katikati ya mji akiwa ananing'inia mdomoni mwa adui. Okidi zilipita chini yake moja moja kama nyumba za watu waliolala, harufu zao zikimfikia na kupotea. Hakuwahi kuiona mitaa ile kwa utulivu namna hiyo, maana siku zote aliipita kwa kuruka. Akajishangaa akiiona nzuri.

Zizini mkamuaji alikuwa Bi Mwaka. Bi Mwaka alikuwa mzee, macho yake hayakuwa na nguvu, lakini papasi zake zilijua kila mnyama kwa jina. Alikuwa akikamua huku akiimba wimbo usio na maneno. Alimfikia Kidawa, akamgusa mgongo, akasita.

"Wewe mbona umekonda hivi, mwanangu? Hawakulishi?"

Kidawa hakujibu. Kidung'ata hasemi.

Bi Mwaka akamkunakuna pole pole mahali pale ambapo mtu mwenyewe hawezi kufika. Kisha akashuka kwenye miguu, akaanza kuihesabu kwa kuigusa, kama alivyozoea kuangalia kama mnyama ni mzima. Moja, mbili, tatu. Alipofika ya saba akasimama, maana kidung'ata ana sita tu. Kidawa akaikunja miguu miwili ya mbele chini ya kidevu, haraka, bila hata manyoya kutikisika. Bi Mwaka akahesabu upya, akapata sita.

"Uzee huu," akasema, akacheka peke yake.

Ndugu zangu, pale Kidawa nusura aondoke. Nasema ukweli. Ni rahisi kumdanganya jemadari mkali, lakini kumdanganya bibi aliyekukuna mgongo ni kazi nyingine. Akawakumbuka wale thelathini na moja. Bi Mwaka alipompapasa mara ya pili, Kidawa akakibana kile kifuko kwa mguu wa nyuma. Tone likatoka.

Bi Mwaka akalipokea. Wimbo ukakatika. Hakulitema, maana kwao kutema ni kuwanyima wengine habari. Alikwenda kwa mchukuzi akiwa amekunja uso, akampa. Mchukuzi akatetemeka mwili mzima, akakimbia nalo kwa mlezi. Mlezi aliliweka ncha ya mdomo tu, akapiga kelele ya kuita.

"Chungu," alisema Bi Mwaka.

"Chungu," alisema mchukuzi.

"Chungu kama shubiri," alisema mlezi, na hakujua jinsi alivyolenga.

Midomo mitatu. Jemadari Sikudhani hakuuliza hata swali moja. Aliinua kichwa, na amri ikapita mwili kwa mwili mpaka mwisho wa tawi. Mara moja kila majimoto alikuwa amebeba kitu: huyu kidung'ata, huyu yai, huyu mtoto. Wakapita juu ya mmea utambaao ulioning'inia kati ya mkuyu na mti wa pili, ng'ambo ya kijito, mstari mwekundu na mweupe unaotiririka kwenye ukungu kimyakimya. Katikati ya msafara manyoya fulani yalipatikana hayana mnyama ndani yake. Aliyeyabeba aliyatupa bila kuwaza, akachukua mzigo mwingine. Kufikia adhuhuri tawi lilikuwa tupu.

Kidawa alicheza. Aliruka kutoka okidi hata okidi, akajigamba kwa kila jani. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu atage, akalala mchana.

Siku mbili zilizofuata zilikuwa tamu kupita maelezo. Okidi ilianza kupumua. Manjano yakarudi nyuma kutoka katikati ya jani mpaka pembeni. Matumba matatu yakanenepa. Na kwenye shingo ya kila tumba kikatokea kitu ambacho Kidawa hakuwahi kukiona wakati wa mifugo: tone dogo linalong'aa, okidi yenyewe ikilitoa. Alilionja. Lilikuwa tamu kuliko maziwa yoyote ya kidung'ata. Kumbe okidi ilikuwa na chakula cha kumpa mgeni, ila walikuwa wakiinyonya mpaka haibaki na kitu. Kidawa akalamba, akalala, akaamka, akahesabu mayai, akalala tena. Ukungu uliingia na kutoka.

Siku ya tatu alasiri mvua ilinyesha ikaacha. Kidawa akasikia kitu kama mtu anayevuta blanketi lenye maji. Akachungulia. Ndani ya ukungu zikatokea pembe mbili laini, halafu mbili fupi, halafu nyumba ya duara iliyobebwa mgongoni.

"Hodi wenyewe," sauti nzito ikasema, bila haraka.

Alikuwa Mzee Mwinyimvua, konokono wa chini. Kidawa alimjua kwa jina tu. Hakuwahi kumwona juu ya tawi.

"Karibu, mzee. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia walinzi wamehama. Nikasema ngoja nipande, nina miaka sijala tumba la okidi. Nitaanza na hayo matatu. Majani nitamalizia."

Aliyasema kwa upole, kama mtu anayeomba maji ya kunywa. Ndipo Kidawa alipowaelewa wale walinzi waliokuwa wakisimama mchana kutwa wameinua vichwa, wale aliokuwa akiwacheka. Kila mwaka huyu mzee alikuwa akipanda, na kila mwaka alikuwa akirudishwa shinani kabla hajafika tawini.

Akajaribu ujanja. Alimwambia matumba yana sumu. Mzee Mwinyimvua akamjibu kwamba sawa, ataonja kidogo kwanza. Akamwambia majimoto wamejificha nyuma ya jani. Mzee akanusa, akasema harufu ni ya siku tatu. Kidawa akarukia pembe moja akaing'ata. Pembe ikaingia ndani kama kidole kinachoingia mfukoni, ikakaa kidogo, ikatoka tena palepale. Mzee hakukasirika hata kidogo. Alizidi kusogea tu. Ujanja wote wa Kidawa ulikuwa wa kumwahi mtu mwenye haraka au mwenye hasira, na huyu hakuwa na kimoja wala kingine.

Tumba la kwanza likaliwa, krat, krat, krat, pole pole, mbele ya macho yake.

Kidawa akahesabu. Hakuhesabu mayai safari hii. Alihesabu hatua za konokono: tumba la pili, tumba la tatu, halafu jani. Kisha akageuka akaruka, akaruka tena, akashika ule mmea utambaao akaenda mbio kuelekea ng'ambo ya kijito. Hakuwa na manyoya wala harufu ya mtu yeyote isipokuwa yake.

Walinzi wa majimoto walimdaka kabla hajagusa gome. Wanne walimshika, kila mmoja mguu wake, wakaanza kuvuta, kama kawaida yao. Kidawa akawaambia wamvute wanavyotaka, lakini kwanza wamfikishe kwa Jemadari, ana habari ya maziwa machungu. Neno hilo likawasimamisha.

Jemadari Sikudhani alikuwa akikagua ushonaji wa nyumba mpya. Majimoto wengine walikuja kusikiliza, na Bi Mwaka alikuwa miongoni mwao. Kidawa akasema yote. Hakuficha mshubiri, hakuficha manyoya, hakuficha kifuko.

"Tone moja," akasema Jemadari.

"Moja tu, Jemadari. Mlilionja watatu."

"Nilihesabu miguu ikazidi," Bi Mwaka akasema taratibu. "Nikajilaumu uzee. Siku tatu hizi sijathubutu kukamua, nikidhani papasi zangu zimekufa."

Kidawa alitamani ardhi ipasuke, na hapo juu hapakuwa na ardhi. Akamwambia, "Nisamehe, bibi." Bi Mwaka hakusema amemsamehe. Aligeuza uso tu.

Jemadari akasogea mpaka papasi zake zikagusa uso wa Kidawa. "Niambie kwa nini nisikurarue."

"Unaweza kunirarua. Lakini nirarue kule, mbele ya konokono, ukiwa umeshafika. Hapa haitamfaa mtu."

Halafu akawaeleza habari ya tone linalotoka kwenye shingo ya tumba, kwamba okidi ikiachwa ipumue, inatoa utamu wenyewe bila mfugo yeyote. Walinzi wakaguna. Mmoja akasema huo ni mdomo mmoja, na mdomo mmoja si habari, tena mdomo wa mwongo. Kisheria alikuwa na haki kabisa. Kidawa alisimama tu, miguu imevutwa pande nne, akifikiria jani lake.

Jemadari akarudisha papasi zake nyuma. Nadhani alikuwa akiona aibu, maana si kazi ndogo kugundua kwamba sheria ya mabibi zako ina tundu, na tundu limeonwa na buibui wa ukubwa wa punje ya mtama. Mwishowe akasema:

"Midomo mitatu imenidanganya. Leo nitakwenda na wangu mwenyewe."

Akatangulia. Mamia wakamfuata bila mfugo hata mmoja, na katikati yao Kidawa, ambaye kwa mara ya kwanza alikuwa akiomba wakubwa hawa waongeze mwendo.

Walimkuta Mzee Mwinyimvua ameshamaliza tumba la pili. La tatu alikuwa amelipita, maana jani lilikuwa karibu zaidi na mdomo wake, na jani lenyewe lilikuwa lile. Pembeni palikuwa pameliwa mpaka uzi wa kwanza wa mkoba ulionekana unapeperuka. Majimoto hawakumsalimia. Walimpanda kila mahali palipokuwa laini. Mzee akatoa povu, akajivuta ndani ya nyumba yake, akajifungia, na nyumba ikateleza ukingoni mwa tawi ikaanguka. Muda ukapita, kisha huko chini kabisa kikasikika kishindo kidogo, pwata. Msimwonee huruma sana, majani ya chini ni mengi na yeye ni mzima.

Kidawa alikuwa ameshafika kwenye mkoba. Akahesabu, akakosea, akahesabu tena. Thelathini na moja.

Jemadari Sikudhani alikwenda kwenye tumba lililobaki, peke yake, akaliramba lile tone shingoni mwake. Akaliramba tena, kuhakikisha. Halafu akatamka kwamba mifugo itabaki ng'ambo, hakuna kidung'ata atakayekanyaga okidi hii tena, na walinzi watarudi mahali pao kuanzia shinani mpaka nchani. Kisha akamgeukia Kidawa.

"Simama hapo. Usiruke."

Na majimoto wote, mmoja baada ya mwingine, wakapita mbele ya Kidawa wakamgusa uso kwa papasi zao, ili kila mmoja ajue harufu yake halisi, isiyo na manyoya ya mtu. Walikuwa mamia. Kidawa alisimama. Mwili mzima ulimtaka aruke, na kila aliyekuja mbele yake alikuwa na taya za kummaliza kwa mara moja. Alisimama mpaka ukungu ukageuka rangi ya jioni. Bi Mwaka hakuwa kwenye mstari. Alikuwa amebaki ng'ambo na wanyama wake.

Siku ya kumi tangu Kidawa alipokwenda kumwomba Jemadari, tumba likafumbuka alfajiri. Ua lilikuwa jeupe, ndani lina rangi ya maziwa yaliyotiwa zafarani, na harufu yake ilienea tawini hata majimoto wakasahau kupiga doria kwa kitambo. Mkoba nao ukapasuka, wakatoka watoto thelathini na mmoja, kila mmoja mdogo kuliko nukta, wakapanda juu ya ua, wakatoa nyuzi zao, wakachukuliwa na hewa mmoja mmoja kwenye ukungu. Kidawa alibaki amekaa kwenye ua lile moja, akiivuta ile harufu, na kando yake pakiwa na vikonyo viwili vitupu. Alijua harufu ya maua matatu ingekuwaje, na alijua aliyeipunguza si konokono peke yake.

Kwa hiyo, wanangu, kabla hujamfukuza jirani anayekukera, tazama kwanza amekuzuilia nini mlangoni.